Maswali ya Wasomaji: Shairi la Frost katikati ya theluji

SWALI: Ndugu mhariri, hapa Burlington, Vermont, theluji imeanza. Kila nikipita msituni linanijia lile shairi la Mmarekani Robert Frost, “Stopping by Woods on a Snowy Evening”, la msafiri aliyesimama jioni kutazama msitu ukijaa theluji. Nataka nikawasomee wanangu huko huko. Twende lini, na niwaeleze nini kuhusu utunzi wake?

JIBU: Nendeni siku ileile theluji inapoanguka, au kesho yake kabla jua halijaipiga. Theluji mpya ina matundu mengi ya hewa yanayomeza sauti. Ikiyeyuka kidogo na kuganda tena, sauti hudunda na kila hatua hupiga kelele. Ukimya ni muhimu: msafiri wa Frost anasikia njuga za farasi wake, upepo mwanana na theluji inayodondoka, basi.

Mwishoni mwa Desemba jua huzama kwenu yapata saa kumi na robo jioni, kwa hiyo fikeni saa tisa, kila mtu na tochi yake. Nguo za ndani ziwe za sufu. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mtoto ataanza kutetemeka. Shairi linataja ziwa lililoganda, ila msilikanyage. Barafu safi hutakiwa kufika angalau sentimita 10 ndipo ibebe mtu, na ikifunikwa na theluji huoni unene wake.

Kuhusu utunzi: beti 4, mishororo 16, kila mmoja silabi 8, sawa na mizani ya utenzi. Tofauti iko kwenye vina. Katika utenzi mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne hurudi kwenye kina cha bahari, yaani kile kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Frost anaoanisha wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa tatu anauacha peke yake, kisha kina chake kinatawala ubeti unaofuata. Ubeti wa mwisho hauna wa kumrithisha, hivyo mishororo yote minne ina kina kimoja, na wa mwisho unarudia wa tatu neno kwa neno. Hapo wengi huharibu kwa kuvuta sauti ya msiba. Shusheni sauti tu, mwendo ubaki uleule.

(Frost mwenyewe alilitunga Juni 1922, kiangazi, asubuhi baada ya kukesha akiandika shairi jingine refu.)

Shairi la theluji linakilini kwa penseli, maana wino wa peni hugoma kwenye baridi, na betri ya simu huisha ghafla. Au nendeni Ripton, humo humo Vermont, kwenye njia ya miguu yenye jina la Frost: mashairi yake yamebandikwa kwenye vibao njiani, mtasoma bila kuvua glavu.