Eksirei haina kitu, mbona shingo haigeuki?

SWALI: Shikamoo dada. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye foleni Kimara, gari limesimama, pikapu ikatugonga kwa nyuma. Haikuwa kwa kasi: taa moja ilivunjika, bampa ikabonyea, basi. Sikupata hata mchubuko. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala. Asubuhi nashindwa kuinua kichwa kwenye mto mpaka nikishike kwa mikono miwili. Hospitali walinipiga eksirei wakasema mifupa mizima, nikapewa kola na dawa za maumivu. Mpaka leo nikigeuka kushoto shingo inagoma, kichwa kinauma kuanzia kisogoni, usingizi wa shida. Ganzi sina, mikono ina nguvu. Mama mkwe anasema najidekeza, maana hata gari limeshatengenezwa. Kaka yangu anataka anipeleke kwa kinyozi wake, hodari wa kunyonga shingo. Niende? Na hii kola niivue lini?
Mama wa Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kinyozi, maana hapo ndipo barua yako iliponitia hofu. Usiende, hata kama kaka yako ameshanyongwa mara mia akatoka anacheka. Shingo yake haijatoka ajalini. Kuna mishipa ya damu inayolisha ubongo inayopanda katikati ya pingili za shingo zenyewe, na shingo iliyoumia ikizungushwa ghafla, mshipa unaweza kuchanika. Ndevu na nywele ni kazi ya kinyozi, shingo yako si kazi yake.

Na hujidekezi. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu mpaka tano, kinabebwa na pingili saba na misuli inayozizunguka. Gari likisukumwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo wako mbele huku kichwa kikibaki nyuma, kisha nacho kinarushwa mbele, kama ncha ya mjeledi inavyochelewa halafu ikafyatuka. Yote hayo yamekwisha kabla hujapepesa jicho. Kinachoumia ni misuli, kano na viungo vidogo vya pingili. Eksirei inaonyesha mifupa, kwa hiyo picha inatoka safi na mwenyewe unaumwa kweli. Uvimbe huja polepole, ndiyo maana ulipika jioni ile na asubuhi ukashindwa kuamka. Mwambie mama, kwa adabu, kwamba bampa haipimi shingo. Mwaka 1995 jopo la wataalamu huko Quebec, Kanada, lilipanga maumivu haya kwa daraja, 0 hadi 4. Shingo inayouma na kugoma kugeuka, bila dalili za mishipa ya fahamu, iliwekwa daraja la 2. Kwa maelezo yako, uko hapo.

Sasa kola. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nasomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, basi dogo nililopanda liligongwa kwa nyuma tukikaribia Chalinze. Nilivaa kola wiki sita, mchana na usiku, kwa sababu niliambiwa nisiivue. Siku nilipoivua nilikaa kula wali, nikajikuta nakula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia kidevu. Kichwa kilikuwa kizito kama ndoo ya maji. Maumivu ya ajali yalishapungua zamani. Udhaifu ule uliletwa na kola, na kuuondoa kulinichukua miezi minne. Sitaki yakukute. Rudi wiki hii kwa daktari aliyekupa, akuangalie, umwambie unataka kuivua. Wiki tatu zimetosha.

Ikishatoka, shingo itembezwe. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini. Geuza uso kushoto taratibu, kama umeitwa na mtu usiyemtaka haraka, mpaka panapoanza kuvuta. Usifike panapochoma. Hesabu tatu, rudi katikati, nenda kulia. Mara tano kila upande, na urudie mara kadhaa kwa siku, hata jikoni ukingoja maji yachemke. Kuvuta kidogo si kwamba unajiharibu. Wengi wanaochelewa kupona niliowahudumia ni wale walioogopa, wakageuka na mwili mzima kama wamebeba yai kichwani.

Kazi zako usiziache zote. Ila ndoo ya kichwani bado, na kukuna nazi kwenye mbuzi kunakuinamisha muda mrefu, mpe mwingine kwa sasa. Lalia mto mmoja. Taulo lililochovywa maji ya moto likakamuliwa, dakika kumi na tano jioni, litakusaidia kupata usingizi. Parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi vinane kwa siku nzima, na angalia kwanza kama ulizopewa hospitali si hizo hizo.

Wengi hupona ndani ya miezi miwili au mitatu. Wachache huchukua zaidi, kwa hiyo ukifika wiki ya sita shingo haijalegea, omba rufaa uende fiziotherapia. Lakini ganzi ikishuka mkononi, mguu ukilegea, mkojo ukikutoka bila kujijua, ukaona vitu viwili viwili au kichwa kikauma vibaya na kutapika, usingoje kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ile PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, itunze pamoja na vyeti vyote vya matibabu, bima wataviulizia.

Jambo la mwisho ni la shemeji. Kabla gari halijatoka tena, apandishe viegemeo vya kichwa. Karibu kila gari ninalopanda vimeshushwa mpaka chini, vinagusa shingo. Ncha ya juu ilingane na utosi wako, na kisogo kikae karibu nacho kadiri kiti kinavyoruhusu. Vingine vina kitufe pembeni ya chuma, abonyeze na kuvuta juu.