Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma: anza na kibofu

Dada, umeuliza kama umchukue yule mbwa wa Makorora aliyegongwa na bodaboda, miguu ya nyuma ikapooza. Unaweza, ila kinachowaua wengi ni mkojo, si miguu. Muulize daktari wa mifugo kama anakojoa mwenyewe. Wengine huvuja matone tu huku kibofu kimejaa pomoni, na mwenye mbwa hudhani mambo ni shwari. Maambukizi huanzia hapo, yakapanda hadi figo. Daktari akufundishe kwa vitendo kukamua kibofu: viganja pande mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, ukiminya taratibu mpaka kiwe kitupu. Mara 3 hadi 4 kwa siku, hata siku ya Idi. Kikigoma usilazimishe, kinaweza kupasuka. Mkojo ukiwa na damu au harufu kali, mrudishe siku hiyohiyo.

Sakafu ya saruji humchubua akijiburuta, na kwa joto la Tanga nzi hawachelewi kutaga kidondani. Mlaze kwenye godoro, mgeuze kila baada ya saa 4, muoshe, kisha umkaushe vizuri mapajani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Na kama hakuna wa kukushikia zamu ukisafiri, tafadhali usimchukue kwanza.