Maswali ya Wasomaji: Filamu za Kihindi, Nianzie Wapi?

Katika toleo lililopita mwandishi mmoja alidai kwamba filamu za Kihindi zote ni moja, na kwamba aliyetazama moja amezitazama zote. Barua za kumpinga zimetufikia kwa wingi kutoka Nyanza, Magharibi na Nakuru, nyingi zikiwa na maswali ndani yake. Tumechagua chache, na anayezijibu ni mwandishi wetu wa safu ya sinema.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Nyalenda, Kisumu. Nilianza kutazama picha za Kihindi utotoni, katika kibanda cha video ambamo tulibanana kwenye mabenchi, na hatukujali lolote isipokuwa nani ni stelingi na nani ni adui. Sasa nimefika umri wa kutaka kuelewa ninachokitazama. Nielekezeni pa kuanzia, lakini tafadhali msinipe orodha ya filamu mia moja.

Jibu: Nitakupa tatu, ndugu yangu, na zote ni za shamba. Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni au Mumias hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia deni lisilokwisha, na baadhi ya filamu bora za Kihindi zilijengwa juu ya msingi huo muda mrefu kabla ya wapenzi kuanza kufukuzana kwenye milima ya Uswisi.

Ya kwanza ni *Do Bigha Zamin* ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Bimal Roy. Mkulima Shambhu ana kishamba kisichofika ekari moja, na mwenye ardhi mkubwa wa kijiji anakitaka ili pajengwe kiwanda. Shambhu anajua kwamba anadaiwa rupia 65. Anauza vyombo vya nyumbani na hata hereni za mkewe ili alipe, kisha anaonyeshwa hesabu zilizoghushiwa zinazosema kwamba deni ni rupia 235, na mahakama inampa miezi mitatu tu. Anakwenda Calcutta, jiji ambalo siku hizi linaitwa Kolkata, na huko anakuwa mvuta riksho. Kuna tukio moja ambalo ningependa ulitazame mara mbili: abiria anataka kuifikia riksho nyingine iliyombeba mwanamke, basi anamwahidi Shambhu pesa zaidi kila anapoongeza mbio, na Shambhu anakimbia, anakimbia, mpaka gurudumu linachomoka. Mwigizaji Balraj Sahni alijizoeza kuvuta riksho katika mitaa ya jiji hilo kabla ya kupigwa picha, na mazoezi hayo yanaonekana mabegani mwake. Mwanabodaboda yeyote wa Kondele anamjua abiria wa namna ile.

Ya pili ni *Mother India* ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa ajili ya harusi, na mla riba Sukhilala anadai masharti ambayo mama huyo, asiyejua kusoma, hakuyaelewa. Wazee wa kijiji wanaamua kwamba familia itoe robo tatu ya mavuno kila mwaka kuwa riba peke yake. Kila kinachofuata katika filamu, kuanzia ajali inayomwangukia mume hadi hasira ya mwana mdogo, Birju, kinatoka katika hukumu hiyo moja iliyotolewa na watu waliodhani wanatenda haki. Nargis, aliyeigiza Radha, alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, lakini anamwonyesha mama huyo kuanzia siku ya arusi hadi uzeeni, na ukimwona ameingia mwenyewe kwenye nira akivuta plau huwezi kumshuku hata kidogo. Mwisho wake sitausema.

Ya tatu haijulikani sana huku kwetu, nayo ni *Manthan* ya Shyam Benegal, ya mwaka 1976. Daktari wa mifugo anafika katika kijiji kimoja cha Gujarat kuanzisha chama cha ushirika wa maziwa, na papo hapo anagongana na mfanyabiashara anayenunua maziwa kwa bei anayoitaka yeye. Filamu ilichochewa na kazi ya Verghese Kurien, aliyeujenga ushirika wa maziwa wa Amul. Gharama zake zililipwa na wakulima 500,000 wa Gujarat, kila mmoja akitoa rupia mbili, na ilipoanza kuonyeshwa walifika kwa malori kuitazama filamu yao. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Benegal hakumfanya daktari kuwa mkombozi. Ni mtu mwema, mwenye haraka, ambaye haelewi vizuri mambo ya matabaka ya kijiji, na ushirika unapopasuka, unapasukia hapo. Mkulima wa ng'ombe wa maziwa kule Kitale ataitazama hadi mwisho bila kusinzia.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Section 58, Nakuru. Wanangu wanazirusha nyimbo zote kwa rimoti ili wafike kwenye hadithi. Nami kusema kweli sijui niwaambie nini, kwa maana hata mimi sielewi kwa nini mtu aache kulia aanze kuimba.

Jibu: Mama, waambie kwamba wanaporusha nyimbo wanairusha hadithi yenyewe. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, *Alam Ara* ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba, kwa kuwa tamthilia za jukwaani zilizoitangulia zilikuwa za kuimbwa pia. Tangu hapo wimbo umepewa kazi maalumu: kuyasema yale ambayo mhusika hawezi kuyasema kwa mazungumzo ya kawaida bila kuvunja heshima, kuhatarisha maisha, au kuonekana mwendawazimu.

Tazama *Mughal-e-Azam* ya K. Asif, ya mwaka 1960. Anarkali ni mjakazi aliyependana na mwana wa mfalme Akbar. Hawezi kumwambia mfalme usoni kwamba anampenda mwanawe, kwani angekatwa kauli kabla ya kumaliza sentensi. Lakini anapoamriwa kucheza mbele ya baraza, anaimba kwamba aliyekwisha kupenda hana cha kuogopa, na sura yake inatokea katika vioo vidogo vilivyotapakaa darini, hata mfalme akiinua macho anamwona yule yule mjakazi kila upande. Sehemu hiyo ilipigwa kwa rangi ndani ya filamu ambayo sehemu yake kubwa ni nyeusi na nyeupe. Mwaka 2004 filamu nzima ilitiwa rangi kwa kompyuta. Mimi ningekushauri uitafute ile ya asili, maana rangi ikiwa kila mahali, wimbo ule unapoteza nguvu yake.

Mfano mwingine, ambao kwangu mimi ndio bora kuliko yote, umo katika *Pyaasa* ya Guru Dutt, ya mwaka 1957. Vijay ni mshairi asiyetakiwa na wachapishaji, na ndugu zake wameuza mashairi yake kama karatasi chakavu. Usiku mmoja anamsikia kahaba asiyemfahamu, Gulabo, akiyatamka maneno ambayo Vijay aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Gulabo ameyanunua kwa mwuza karatasi na kuyapenda. Anadhani mwanamume anayemfuata ni mteja, kumbe ni mwandishi anayeyafuata mashairi yake. Wimbo unaanza hapo, na katika dakika chache tunajua kwamba kuna mtu mmoja katika jiji zima anayemwelewa Vijay, ilhali wahusika wenyewe bado hawajajua. Maneno ya nyimbo za filamu hii yaliandikwa na Sahir Ludhianvi, mshairi mkubwa wa Kiurdu kwa haki yake.

Waeleze wanao pia kwamba waigizaji kwa kawaida hawaimbi wenyewe. Sauti ya Lata Mangeshkar ilitoka vinywani mwa waigizaji wa kike wa vizazi kadhaa, na mwimbaji Mukesh aliitwa sauti ya mwigizaji Raj Kapoor. Hakuna aliyeona kuwa ni udanganyifu, kwa sababu watazamaji waliwajua waimbaji kwa majina na waliwafuata kwa mapenzi yale yale.

Swali: Je, *Baahubali* na *RRR* ni filamu za Kihindi? Tumebishana hapa Bungoma hadi tukakasirikiana.

Jibu: La, ikiwa kwa Kihindi mnamaanisha lugha. Zote mbili ni za India, lakini ni za Kitelugu, lugha ya kusini mwa nchi hiyo, ila zilitiwa sauti za Kihindi na lugha nyingine. Filamu nyingi za mwongozaji Satyajit Ray nazo ni za Kibengali, ingawa mwaka 1977 alitengeneza moja ya Kihindi na Kiurdu, *Shatranj Ke Khilari*, ya mabwana wawili wanaocheza sataranji huku ufalme wao ukitwaliwa na Waingereza. Patanani.

Swali: Baba yangu, ambaye ni fundi wa magari Kisumu, anasema kwamba baada ya *Sholay* Wahindi hawakutengeneza kitu. Mimi naona ni filamu ndefu ya majambazi tu. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Kijana wangu, mzee amekosea kuhusu yaliyofuata, lakini amepatia kuhusu *Sholay*. Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilitoka mwaka 1975, ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Bombay, Mumbai ya siku hizi, kwa zaidi ya miaka mitano. Rudia tukio ambalo jambazi Gabbar Singh anawasaili watu wake watatu waliorudi mikono mitupu. Anauliza idadi yao na idadi ya waliowashinda, anafyatua baadhi ya risasi hewani, anazungusha silinda ya bastola ili hata yeye asijue iliko risasi, kisha anamwelekezea kila mmoja kichwani. Bastola haitoi kitu. Wote wanaangua kicheko, na anayecheka zaidi ni Gabbar. Kinachofuata kicheko hicho ndicho kilichomfanya Amjad Khan, aliyemwigiza Gabbar, akumbukwe maisha yake yote. Hapo hakuna ngumi wala farasi, ni maneno tu.

Maneno hayo yaliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, na kama unataka kuijua hasira ya vijana wa miji ya India katika miaka ya 1970, watafute wawili hao badala ya kumtafuta mwigizaji. Mwaka huo huo wa 1975 waliandika *Deewaar*, iliyoongozwa na Yash Chopra. Mtoto anachanjwa mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi, na alama hiyo anakua nayo. Anakuwa tajiri wa magendo, mdogo wake anakuwa polisi, na mama yao analazimika kuchagua upande. Itazameni pamoja, wewe na baba yako, kisha mbishane.

Swali: Nafundisha fasihi katika shule ya sekondari Kakamega. Ningependa filamu ya Kihindi itakayowasaidia wanafunzi wa kidato cha tatu kuelewa jinsi hadithi inavyohamishwa kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine.

Jibu: Mwalimu, anayekufaa ni mwongozaji Vishal Bhardwaj, aliyeihamisha *Macbeth* hadi kwa majambazi wa Mumbai katika *Maqbool* (2003), *Othello* hadi Uttar Pradesh katika *Omkara* (2006), na *Hamlet* hadi Kashmir ya mwaka 1995 katika *Haider* (2014). Katika *Maqbool*, wachawi wa Shakespeare wamegeuka kuwa polisi wawili wala rushwa wanaopiga ramli, jambo ambalo wanafunzi wako watalielewa upesi kuliko wachawi wenyewe. Hata hivyo zitazame kwanza peke yako. Zina damu, na lugha ya *Omkara* ni chafu, kwa hiyo huenda ukachagua vipande badala ya filamu nzima.

Ukitaka ya kuonyesha darasa zima bila wasiwasi, chukua *Lagaan* ya Ashutosh Gowariker, ya mwaka 2001. Wanakijiji waliokumbwa na ukame mwaka 1893 wanadaiwa kodi maradufu, na afisa Mwingereza anawapa changamoto: wakiwashinda wanajeshi wake katika kriketi watasamehewa kodi miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Wanafunzi ambao babu zao walilipa kodi ya nyumba kwa wakoloni watakuwa na la kusema. *3 Idiots* sikupendekezei, ingawa najua wataiomba. Inafurahisha, lakini inahubiri mno.

Swali: Mimi na mume wangu tumestaafu, tunaishi Milimani, Kisumu. Hatutaki kelele wala bastola. Pia, tutajuaje kwamba nakala tuliyopata ni kamili?

Jibu: Tazameni *The Lunchbox* ya Ritesh Batra, ya mwaka 2013. Ila anampikia mumewe chakula cha mchana na kukituma kazini kwa wale wachukuzi wa Mumbai wanaosifika kwa kutokosea, lakini kontena lake linamfikia mhasibu mjane anayekaribia kustaafu, aliyeigizwa na Irrfan Khan. Wanaanza kuandikiana vijikaratasi ndani ya kontena la chakula. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye tunamsikia sauti tu bila kumwona, anamshauri Ila kuhusu viungo kupitia dirishani na kumteremshia vitu kwa kikapu cha kamba. Mume anarudi nyumbani, na akiulizwa kuhusu chakula anajibu kwa mkato. Ni filamu fupi, haifiki saa mbili.

Kuhusu nakala, nakala zinazosimuliwa kwa Kiswahili na madijei zina raha yake, nami sizidharau, lakini mara nyingi nyimbo hukatwa, na mazungumzo hufunikwa na utani wa msimulizi. Filamu nyingi za zamani zimewekwa kwenye mtandao wa YouTube, baadhi zikiwa na manukuu ya Kiingereza; hakikisheni kwamba manukuu hayo yanatafsiri nyimbo pia, siyo mazungumzo peke yake. Kisha angalieni urefu kabla ya kutumia bando. *Mother India* ni takriban dakika 172, na *Lagaan* takriban 224. Mkipata *Lagaan* ya saa mbili, iacheni mtafute nyingine.