Bluberi Zikijaa Msimuni: Kuzila na Kuzihifadhi

Usizioshe bluberi siku unayozileta nyumbani. Ule ungaunga wa kijivu juu ya ganda si vumbi wala dawa; ni nta ya tunda lenyewe, na ndiyo inayolizuia lisinyauke upesi. Ukiosha unaifuta, na tone linalobaki kwenye kishimo cha kikonyo ndipo ukungu unapoanzia. Zioshe dakika chache kabla ya kula.

Wakati wa kuchagua, geuza kasha uangalie chini. Madoa ya juisi maana yake kuna zilizopondeka, na moja iliyopasuka huambukiza jirani zake. Halafu tazama pale kikonyo kilipokuwa: pakiwa pekundu, tunda lilichumwa mapema. Linaweza kubadilika rangi likikaa, lakini utamu hauongezeki tena. Hizo kali usizitupe, zitafaa kwenye jamu.

Nyumbani, toa zilizovunjika, tandaza zilizobaki kwenye chombo kipana chenye karatasi ya jikoni, funika bila kubana, kisha weka ndani kabisa ya jokofu, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka. Zikiwa nzima hukaa siku 7 hadi 10, pengine zaidi. Za kula zitoe nusu saa kabla, maana baridi kali huficha harufu na utamu.

Kwa hifadhi ya muda mrefu, kugandisha ndiyo njia tunayoiweka mbele ya nyingine zote. Chambua, usioshe, tandaza kwenye sinia tabaka moja zisilaliane, weka kwenye friza saa 3 au 4 hadi ziwe ngumu kama kokoto, ndipo uzitie mfukoni, utoe hewa na kuandika tarehe. Friza ikiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, ladha hubaki nzuri hadi karibu mwaka. Ukizimimina mfukoni zikiwa bado na joto, zitaganda taratibu na kushikamana bonge moja. Chembe za barafu zitakuwa kubwa na kuchana nyama ya tunda. Zenye maji nazo hushikamana, na ganda lake huwa gumu mdomoni. Ukitaka kutumia, zisuuze haraka kabla hazijayeyuka.

Zikiyeyuka zitalegea tu, hata ukizigandisha vizuri namna gani, kwa hiyo kwenye keki zitie zikiwa bado barafu. Zipake kwanza kijiko cha unga, uzichanganye mwisho kabisa kwa mikono miwili mitatu ya mwiko, na uongeze dakika 5 hadi 10 za kuoka. Keki ikitoka na madoa ya kijani, haijaharibika: rangi ya bluberi hugeuka ikikutana na soda ya kuokea. Punguza soda hiyo au tumia mtindi badala ya maziwa.

Jamu: bluberi kilo 1, sukari gramu 700, juisi ya limau vijiko 3 vya chakula. Ponda nusu ya matunda, yapike yote na limau dakika 10 hadi maganda yalainike, ndipo utie sukari. Ikitangulia, maganda hubaki magumu. Ikoroge kwa moto mdogo hadi iyeyuke yote, kisha chemsha kwa nguvu hadi nyuzi 104. Huna kipimajoto? Dondosha kidogo kwenye sahani iliyokaa friza, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole: ikikunjamana, epua. Usipike kilo 3 kwa mkupuo ili kuokoa muda. Sufuria iliyojaa huchelewa kufika, na kwa kuchemka sana pektini, ile inayoifanya jamu igande, huvunjika na rangi hufifia.

Jaza chupa safi zenye joto, ukiacha milimita 6 juu, futa mdomo, funga, kisha zichemshe dakika 10 zikiwa zimezama majini. Zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari ongeza dakika 5. Zaidi ya mita 1,800, ongeza 10. Kifuniko kinachobonyea ukikigusa baada ya kupoa hakijashika, hiyo iende jokofuni. Jamu nyepesi nayo usiipike upya siku hiyohiyo. Ipe saa 24 kwanza.

Kukausha kunawezekana, ila kuna kazi. Zichovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30 ili ganda lipasuke, zitie maji baridi, zifute, zikaushe kwa nyuzi 60 kutwa nzima au zaidi. Ganda lisipopasuka, nje hukauka na ndani hubaki maji. Zikishapoa, jaza chupa theluthi mbili, funga, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone kwenye glasi, zirudishe kwenye joto.