Madoa ya kijivu kwenye majani ya michungwa: niongeze kipimo cha mrututu?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Michungwa yangu hapa Muheza ina madoa ya kijivu-kijani kwenye majani ya chini, yenye vidoti vyeusi. Muuza dawa aliangalia picha kwenye simu akasema ni ukungu uitwao Strigula. Nimepuliza mrututu, ile dawa ya shaba ya kuua ukungu, mara tatu, hayatoki. Niongeze kipimo?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Strigula si ukungu wa kuozesha jani. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani (mdogo sana, si ule wa baharini) vinavyoishi pamoja. Mwani wake, Cephaleuros, hukaa chini ya utando wa nta wa jani. Ukiwa peke yake huonekana kama kutu ya rangi ya chungwa. Kuvu ikishauteka, doa hugeuka kijivu-kijani, na vile vidoti vyeusi ndimo spora, yaani mbegu za kuvu, zinamotengenezwa. Hata ukiviua vyote, alama itabaki mpaka jani lianguke lenyewe. Ndiyo maana unaona dawa "imegoma".

Kinachonikera ni hiyo picha ya simu. Elias Fries, mwanasayansi wa Sweden, aliipa jenasi hii (kundi la spishi za karibu) jina la Strigula mwaka 1823. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza vinasaba wakazigawa spishi zake za majani katika jenasi sita, zikiwemo Racoplaca na Phylloporis. Wenye hadubini walizichanganya miaka yote hiyo, seuze muuza duka! Kwaruza doa kwa ukucha. Likibanduka kama gamba na jani likabaki kijani, hiyo si Strigula. Huenda ni Porina au Gyalectidium, kuvumwani nyingine zinazokaa juu juu. Likigoma, yaelekea ni Strigula au ndugu yake wa karibu, na kuzitofautisha ni kazi ya maabara. Kwa shamba lako jibu ni lilelile: hakuna cha kupuliza. Katika msitu wa Amani jani moja kongwe hubeba aina kadhaa za kuvumwani na mti unastawi. Kwako madoa yanasema kuna kivuli na unyevu mwingi, basi pogoa matawi ya ndani, hewa ipite.

Nawaomba wakulima wote wa Tanga: msinunue dawa kwa mtu ambaye hajalishika jani. Mrututu una shaba, na shaba haiozi. Hulundikana udongoni mwaka hadi mwaka, ikadhuru mizizi na nyungunyungu. Huku fedha ikiishia kwenye doa lisilokula kitu, nzi wa matunda anataga mayai ndani ya machungwa. Hangaikeni na huyo: okoteni kila chungwa lililoanguka, mlifukie kwenye shimo refu kabla funza hawajatoka.