Nzi wa sponji: tatizo liko chini, kwenye shina la ndoano

Asubuhi moja nilikuta dazeni sita za nzi wa kuvulia samaki zimerudishwa mezani kwangu, ndani ya boksi lilelile nililozipakia. Msimamizi alitoa nzi mmoja, akamshika kichwa kwa vidole viwili, akamzungusha. Sponji ikazunguka kwenye ndoano kama pete iliyolegea kidoleni. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Nzi sabini na wawili, na sisi tulikuwa tunalipwa kwa dazeni.

Hiyo ilikuwa karakana moja ya Nairobi. Kenya imekuwa ikifunga nzi wa kuvulia kwa miongo mingi, nao huuzwa Uingereza, Marekani na kwingineko. Kwa ambaye hajawahi kumwona, nzi wa kuvulia ni ndoano iliyovalishwa manyoya, nywele na uzi mpaka ikafanana na mdudu au kiumbe mwingine anayeliwa na samaki. Hana uzito wa kutosha kurushwa peke yake. Kinachombeba hewani ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Wengi wetu tuliokaa kwenye zile meza hatukuwahi kushika ufito wa kuvulia, na nadhani ndiyo sababu makosa yangu yalikaa muda mrefu bila kuonekana. Nzi wangu walipendeza machoni. Mimi sikuwa nimewahi kumwona samaki akimtafuna nzi.

Siku hizi naishi Naivasha na nafunga nzi nyumbani, wangu na wa wageni wanaokuja kuvua. Watu huniuliza sana kuhusu sponji, kwa sababu ni rahisi kupata na inaonekana kazi nyepesi. Ni nyepesi kweli. Lakini ina mtego mmoja, na huo ndio nataka kuueleza hapa kwa kirefu.

Kwanza sponji yenyewe. Usitumie ya godoro wala ya kuoshea vyombo. Hizo zina matundu yaliyofunguka, zinanywa maji, na baada ya dakika tano nzi wako amezama. Inayotakiwa ni ile inayoitwa EVA, ambayo viputo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, maji hayana pa kuingilia. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule kama karatasi za rangi za kazi za mikono za watoto. Unene wa milimita mbili ndio ninaotumia zaidi. Karatasi moja inatoa nzi wengi sana.

Ukitaka nene zaidi, chukua lapa lililochakaa. Soli nyingi za malapa ni EVA hiyo hiyo, ila zipo pia za mpira mzito, kwa hiyo ijaribu kwanza. Kata kipande ukubwa wa punje ya mhindi, kichomeke kwenye ndoano namba 4 (namba ikipungua ndoano inakuwa kubwa), kitumbukize kwenye bilauri ya maji, ukibonyeze mara kadhaa, ukiache usiku kucha. Kikiwa bado juu asubuhi, lapa hilo linafaa. Na usikate penye kisigino. Pale mguu umekanyaga miezi na miezi, viputo vimepasuka, sponji imekufa. Kata katikati, penye upinde wa unyayo, ambapo mguu haugusi sana. Ukibonyeza hapo kwa kucha, inarudi yenyewe.

Kwa vichwa vya mviringo mimi natumia antena ya redio iliyovunjika. Ile antena ya kuvuta ina mabomba manne au matano ya vipimo tofauti. Kata kipande cha sentimita kumi, noa mdomo wake kwa tupa mpaka uwe mkali, kisha uzungushe taratibu kwenye soli. Usisukume. Ukisukuma, sponji inajibana na kipande kinatoka chembamba katikati kama ngoma yenye kiuno. Ukizungusha tu, kinatoka kimenyooka.

Sasa mtego wenyewe.

Shina la ndoano, ile sehemu ndefu iliyonyooka, ni chuma kinachoteleza. Sponji nayo inateleza na tena inabonyea. Ukiweka kitu kinachobonyea juu ya kitu kinachoteleza, ukakaza uzi, unapata nzi anayeonekana imara mezani na anayegeuka chali samaki wa kwanza akimng'ata. Mama mmoja aliyekuwa kwenye kazi ile miaka mingi kuliko sisi wote alinivutia kiti siku ile ya boksi, akaniambia nifunge mmoja mbele yake. Nilipofika kwenye sponji nikavuta uzi kwa nguvu zote.

"Simama hapo, mwanangu," akasema. "Umemkaba. Tazama."

Akaleta taa karibu. Pale uzi ulipopita, sponji ilikuwa imechanika kwenye kingo zote mbili, imebaki uzi mwembamba wa sponji katikati. Nilikuwa nimekaza mpaka nikakata. Akanionyesha tena, akifunga pole pole: mizunguko mitatu ya kwanza uzi unalala tu juu ya sponji, kwa uzito wa kibebea uzi (kile kifaa kinachoshika kibiringo cha uzi) peke yake, bila kuvutwa. Wa nne unakazwa nusu. Wa tano na wa sita ndiyo inayokazwa sawasawa, na kwa wakati huo mizunguko ya kwanza imeshatengeneza kitanda, kwa hiyo nguvu inasambaa badala ya kukata mahali pamoja.

Lakini kabla ya sponji kugusa ndoano, akanirudisha nyuma zaidi. Valisha shina lote uzi kwanza, kutoka penye tundu la kufungia ndoano mpaka mwanzo wa kipindo, pale ndoano inapoanza kujikunja, mizunguko iliyoshikana. Halafu rudi mbele kwa mizunguko ya kupishana, iliyoachana, ili pawe na matuta. Sponji inahitaji matuta ya kung'ata. Juu ya matuta hayo weka tone dogo la gundi ya supa, dogo kabisa, kwa ncha ya sindano. Ndipo ulaze sponji. Gundi nyingi inaigeuza sponji kuwa ngumu kama kucha na inapasuka baadaye.

Uzi nao usiwe mwembamba mno. Uzi mzuri wa nzi wadogo wa trauti, wale wa mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, unakata sponji kama wembe. Kwa nzi wa besi, samaki mkubwa ninayemvua Naivasha, natumia denia 210 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), kwa wadogo denia 140. Na kama uzi wako ni wa bapa, zungusha kibebea uzi kinyume kidogo ili ubaki bapa. Bapa unakumbatia, wa kusokotwa unachimba.

Kosa la pili lilikuwa langu pia, na naliona kwa karibu kila anayeanza. Ni kujaza uwazi wa ndoano. Uwazi ninaousema ni ile nafasi kati ya shina na ncha. Samaki hanaswi na sponji, ananaswa na ncha, na ncha ikifunikwa na tumbo nene la sponji haiwezi kuingia popote. Kipimo changu ni hiki: upana wa kipande cha sponji usizidi huo uwazi, na ukimwangalia nzi kutoka mbele, angalau theluthi mbili za uwazi ziwe tupu. Sponji ikae juu ya shina. Chini pabaki pasafi. Ukiona mwili hautoshi kuelea, tumia ndoano yenye chuma chembamba kabla hujafikiria kuongeza sponji.

Naivasha samaki wangu ni besi, yule mwenye mdomo mpana ambaye wavuvi wengi hapa humwita blakbasi. Si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, na kamba wekundu wa Louisiana, ambao ni chakula chake, waliwekwa ziwani mwaka 1970. Kwa hiyo mbinu za huko kwao zinafanya kazi hapa pia. Nzi ninayempenda kwa besi aliwahi kubuniwa na Jack Gartside wa Boston, mtu aliyewahi kuendesha teksi, na anaitwa Gurgler kwa sababu ya mlio wake majini. Mfunge hivi. Ndoano namba 4 au 2. Mkia wa nywele za mbuzi, urefu sawa na shina. Kipande cha sponji cha milimita mbili, funga ncha yake nyuma ya tundu kidogo, kisha kilaze juu ya shina ukikifunga kuelekea nyuma mpaka kwenye mkia, urefu uliobaki uning'inie nyuma. Zungusha unyoya wa shingo ya jogoo kutoka nyuma kuja mbele, nyuzinyuzi zisimame pande zote. Kata zile za juu. Sasa kunja sponji iliyoning'inia ije mbele juu ya mgongo, uifunge nyuma ya tundu, na uache mdomo wa nusu sentimita hivi ukijitokeza juu ya tundu. Mdomo huo ndio unaosukuma maji. Ukiukata mfupi, nzi ananyamaza.

Tumbo likiwa jeusi ni bora, maana samaki anamwona kutoka chini dhidi ya anga, na kivuli cheusi kinaonekana hata jua likiwa limeshuka. Mgongo uwe wa njano au wa chungwa, kwa faida ya macho yako.

Manyoya chukua ya kuku. Ziwani utaona manyoya ya ndege wa porini yameanguka na yatakutamanisha, lakini sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haichezi na anayemiliki nyara bila kibali, na jogoo wa jirani anatosha kabisa.

Nzi wa pili ni kumbikumbi, na huyu ni wetu. Mvua ikinyesha na ardhi ikapata joto baadaye, kumbikumbi wanaruka kwa maelfu, mabawa yanawachoka, wengine wanaangukia majini. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo ziwani, samaki walikuwa wakipasua maji kila mahali kando ya mafunjo, na mimi nilikuwa na boksi lililojaa nzi wakubwa weusi wasiotazamwa na yeyote. Nilirudi nyumbani nikakaa mezani usiku uleule.

Mwili ulikuwa rahisi: ndoano namba 10, kipande cha sponji ya kahawia chenye upana wa milimita tatu, kimefungwa ili nusu yake ijitokeze nyuma ya kipindo, na mizunguko ya uzi imeachana ili tumbo lionekane lina pingili. Mabawa ndiyo yalinisumbua. Nilianza na karatasi ya nailoni ngumu wanayofungia maua ya waridi, ambayo Naivasha haikosekani kwa sababu ya mashamba ya maua. Mezani alikuwa kumbikumbi hasa. Hewani mabawa yale yaligeuka pangaboi, nzi akazunguka kila nilipomrusha, na baada ya mirusho kumi uzi wangu wa nailoni, ule unaounganisha mshipi na nzi, ulikuwa umejisokota wote. Nikajaribu kuyapunguza, yakazunguka pole pole zaidi, lakini yalizunguka.

Dawa niliipata kwenye gunia la mchele. Yale magunia meupe yamefumwa kwa polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Chomoa utepe mmoja, uchane kwa sindano mpaka uwe nyuzinyuzi laini, ulaze juu ya mgongo ukielekea nyuma, ufunge, ukate kupita mwili kidogo. Unapinda hewani badala ya kuzunguka, na unaelea wenyewe. Kwa macho yetu haufanani sana na bawa. Samaki hawajalalamika.

Ukishawafunga, wapeleke majini kwa subira. Rusha karibu na ukingo wa mafunjo au magugu maji, kisha usiguse kitu. Viduara vya maji vienee, viishe. Hapo ndipo uvute Gurgler kwa kiasi cha kiganja kimoja, usimame tena. Kumbikumbi usimvute kabisa. Na besi akipasua maji, usinyanyue ufito kwa kusikia sauti. Subiri mpaka mshipi uwe mzito mkononi. Nimepoteza samaki wengi kwa kushtuka kuliko kwa ndoano butu.

Nenda na boti na mtu wa ziwa anayejua njia za viboko, uwe na leseni yako ya uvuvi, na jioni ikianza kuingia geuza boti hata kama samaki wameanza kula. Viboko hutoka saa hiyo kwenda malishoni, na hawapendi kukuta mtu kati yao na ufuko.

Nzi wa sponji haishi milele. Baada ya samaki kadhaa mgongo unatafunwa, mdomo unalegea, nzi anaanza kulala ubavu. Usimtupe. Pitisha wembe chini ya sponji, uibandue pamoja na uzi wake, ushikilie ndoano kwenye mwali wa kibiriti sekunde moja tu ili gundi ilegee bila chuma kupoteza ugumu wake, uikwangue. Zile ndoano sabini na mbili nilizirudisha hivyo, jioni baada ya jioni, mama yule akiwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai. Kila nilipomaliza mmoja alimchukua, akamshika kichwa, akajaribu kumzungusha.