"Irregardless" ipo kwenye kamusi

Dada, umemcheka dalali wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwa kumwambia mnunuzi mgeni kwa Kiingereza "irregardless", ukadai neno hilo halipo. Lipo! Kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliyotoka 1934 inalo, ila siku hizi wanaliwekea alama kwamba si sanifu. Kasoro yake ni kukanusha mara mbili, "ir-" mbele na "-less" nyuma, na maana inabaki ya "regardless" tu, yaani "bila kujali". Kwenye barua ya kuomba kazi usithubutu. Mwaloni, kama sangara wameuzika, yameisha. Kinachonikera mimi ni "literally", yaani "kihalisia kabisa": mtu amekufa kwa kucheka, literally, halafu anaomba bando! Na hilo nalo Waingereza walianza kulitia chumvi tangu karne ya 18.